Tanzia ya Mzee Parvan kwa Lugha Mbili

Ukitaka kuwajua watu wa mji wetu, usiwatafute barabarani. Wengi wako ukutani. Wako kwenye nguzo za umeme, kwenye mlango wa duka la mikate, kwenye mageti ya nyumba zao wenyewe, kila mmoja na picha yake na msalaba juu ya kichwa, wanakutazama ukipita na mfuko wako wa viazi. Tanzia kwetu haibandikwi mara moja ikaisha. Inabandikwa siku ya kufa, inabandikwa arobaini, nusu mwaka, mwaka, halafu kila mwaka mpaka wanaoibandika nao wabandikwe. Kwa miaka kumi na minane tanzia zote hizo zimepita mikononi mwa mwanamke mmoja, Verginia Kostova, mwenye kiduka cha fotokopi jirani na changu.

Mimi ni Zdravka, nauza mbegu, sumu ya panya na mipini ya majembe. Kati ya duka langu na la Verginia kuna ukuta wa mbao tu, kwa hiyo ninayoyasimulia hapa sikuambiwa na mtu. Niliyasikia, na mengine nilishiriki, na sijivunii.

Verginia alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, mpiga chapa katika kiwanda cha pampu. Kiwanda kilipofungwa, alilia wiki nzima, kisha akanunua mashine ya fotokopi iliyochoka na kukodi chumba kilichokuwa duka la viatu. Mumewe alikwenda Uhispania kuchuma stroberi, akapata huko meno mapya na mwanamke mpya, hakurudi. Verginia hajawahi kumsema vibaya hata siku moja. Nimemsemea mimi. Yeye ni mtu wa utaratibu: kila tanzia anaisoma mara mbili kwa miwani, na mara ya tatu kwa sauti. Katika miaka yote hiyo hajakosea jina la marehemu hata mmoja, na atakukumbusha hilo hata usipomuuliza.

Sasa, vijana wetu wametawanyika. Wako Ujerumani, Italia, Uhispania, na karatasi zao zinarudi huku bila wao: barua za pensheni, ripoti za shule za wajukuu, maelezo ya dawa, maelekezo ya mashine ya kufulia. Wazee wanazigeuza juu chini. Verginia mwenyewe lugha ya nje anayoijua ni Kirusi cha shuleni, nacho kimebaki mashairi mawili. Basi mwezi wa Februari mpwa wake alimwekea akili mnemba kwenye simu. Unapiga picha karatasi, inakwambia kwa lugha yetu imeandikwa nini. Ukitaka uandike kwa lugha yao, inaandika. Verginia aliipa jina la Karani, na kila asubuhi aliisalimia kabla hajavua koti.

"Unakisalimia kitu hicho?" nilimwuliza.

"Kinanijibu vizuri kuliko wewe."

Mpwa wake alimwonya kwamba kila karatasi afungue mazungumzo mapya. Hakutaka kusikia. "Karani mpya kila mara? Nianze kumweleza sisi ni akina nani, mji upi, nani mtoto wa nani? Huyu ameshatuzoea." Kwa hiyo kuanzia Februari kila kitu kiliingia katika mazungumzo hayo hayo, kimoja juu ya kingine, kama alivyofundishwa kiwandani kwamba ofisi yenye adabu ina daftari moja. Vidonge vya huyu, chanjo za yule, tanzia ya mwingine. Upande wa lugha yetu aliusoma mara tatu kama kawaida yake. Upande wa kigeni hakuutazama kabisa, maana angeutazama afanye nini? Nami sikuona kosa lolote.

Mtu aliyempenda Karani kuliko wote alikuwa Mzee Parvan Tsolov. Alikuwa dereva wa kreni kule bandari ya mtoni, mjane, miaka sabini na tisa, na kifuani ana kifaa cha kuongoza moyo. Aliwekewa Uhispania miaka minane iliyopita, alipokwenda kumtembelea binti yake Snezhana akaanguka jikoni kwake. Karatasi ya hospitali alirudi nayo, akaitia kwenye droo. Mei mwaka huu alimletea Verginia, kwa udadisi tu. Karani akaisoma: betri hudumu miaka saba hadi minane, ipimwe kila mwaka. Mzee hakuwahi kuipima hata mara moja! Alipanda basi siku ile ile kwenda kwa daktari wa mji mkubwa. Daktari alimwambia betri iko ukingoni, ibadilishwe, na Novemba isipite. Akampa kitanda tarehe kumi na nane Novemba.

Tangu hapo kila akipita dirishani pa Verginia alivua kofia, si kwa Verginia bali kwa simu.

Katikati ya Oktoba alikuja amenyoa, amevaa suti, na bahasha mkononi.

"Verginia, nataka tanzia."

"Pole, Mzee Parvan! Nani tena?"

"Mimi."

"Toka hapa!"

"Sikiliza kwanza, binti. Jiwe langu liko tayari pale kwa marehemu mke wangu, jina limechongwa, picha ipo, bado mwaka wa kufa tu. Sasa karatasi nayo nataka niiache tayari. Upande mmoja lugha yetu, upande mwingine Kihispania. Wajukuu zangu hawajui kusoma herufi zetu. Sitaki wasimame getini kwangu wakiulizana babu kaandikwa nini."

Si jambo la ajabu kwetu. Wengi hujiandalia nguo za kuzikwa, wengine picha. Verginia aliandika: amezaliwa lini, alikuwa mtu wa namna gani, alifariki tarehe, kisha nukta nyingi za kujazwa kwa kalamu siku ikifika. Akampa Karani atafsiri. Akachapa nakala kumi. Mzee alizibeba ndani ya koti kama mtu aliyebeba mayai.

Baada ya siku nne alisimama dirishani kwangu.

"Zdravka, vile vitunguu saumu vya kupanda nilivyoagiza, mpe mtu mwingine."

"Vimekukosea nini?"

"Vinavunwa Julai. Mimi Julai sipo."

Akaweka karatasi juu ya magunia ya mbegu, akanionyesha kwa kidole. Kushoto, kwa lugha yetu, nukta zilikuwa pale pale. Kulia, kwa Kihispania, hapakuwa na nukta. Palikuwa na kumi na nne, na novemba, na mwaka huu. Hata mimi niliweza kusoma.

Nilicheka. Najuta kucheka kule, lakini nilicheka. "Mashine imekosea, Mzee wangu."

"Mwezi wa Mei ilikosea?"

Nikabadili maneno.

"Umemwambia Snezhana?"

"Nimwambie nini? Aache kazi aje anikalie matanga nami niko mezani nakula supu?" Akaikunja karatasi taratibu. Hakuwa na huzuni, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alikuwa na uso wa mtu aliyekata tiketi.

Alipoondoka tu niliingia kwa Verginia bila kugonga. Alivaa miwani, akaanza kupandisha mazungumzo kwenye simu kwa kidole. Haikuchukua muda. Juu kidogo tu ya tanzia ya Mzee Parvan palikuwa na tangazo la arobaini ya marehemu Sevda, lililotafsiriwa mapema kwa Kiitaliano ili wanawe waombe ruhusa kazini. Arobaini ya Sevda ilikuwa tarehe kumi na nne Novemba.

Verginia alimwandikia Karani: Tarehe hii umeitoa wapi? Karani hakuficha. Alijibu kwamba ni kosa lake, nafasi ilikuwa wazi naye akaijaza kwa tarehe ya tangazo lililotangulia katika mazungumzo yale yale, akaomba radhi, akatoa tafsiri iliyosahihishwa na nukta zake. Akaongeza kwamba ingefaa nyaraka nyingine za mazungumzo hayo nazo zikaguliwe.

Verginia alisoma mstari huo wa mwisho mara tatu, kama tanzia.

"Zdravka," alisema, "humu kuna karatasi mia mbili na kumi na moja."

"Kwa hiyo?"

"Kuna vidonge vya Mladen vya presha. Kuna chanjo za mtoto wa Petrana. Kama amechukua tarehe ya Sevda akampa Parvan, kachukua nini kingine akampa nani?"

Mladen nilikuwa nimemwona asubuhi ile akimeza kidonge kwa kahawa.

"Waambie watu," nilisema.

"Nikiwaambia leo, kesho nafunga. Nani ataniletea hata picha ya pasipoti? Nipe siku chache nizipitie mwenyewe, kimya kimya. Mzee nitampelekea karatasi safi, yatakwisha. Usiseme, shoga yangu. Nakuomba."

Nikakubali. Naandika hivyo hivyo: nilikubali.

Alimpelekea siku hiyo hiyo. Lakini ninyi hamjui namna ugonjwa unavyosemwa kwetu. Daktari akiona mambo yamekwisha, hamwambii mgonjwa. Anamwita mke ukumbini. Mke anajifuta macho, anarudi wodini anatabasamu, anasema wamesema utapona. Hapo mgonjwa anajua. Mzee Parvan alimtabasamia hivyo mke wake mwenyewe miezi miwili. Sasa Verginia akaingia jikoni kwake anatabasamu, na nakala kumi safi, akisema kosa dogo la uchapaji, Mzee, zile za kwanza nipe nizichome.

Mzee akatabasamu naye. Akamshika mkono. "Una moyo mzuri, binti. Asante." Zile za kwanza hakumpa.

Verginia alirudi analia. "Anadhani nimemfichia."

"Basi rudi umwonyeshe ya Sevda. Mwonyeshe simu. Mweleze yote."

"Nitamweleza. Nikimaliza kupitia."

Alikuwa akizipitia kweli, karatasi kwa karatasi, kwa mpangilio tangu ya kwanza ya Februari, kila moja katika mazungumzo mapya sasa, na uso wake ulizidi kuchongoka. Nami kila siku nilisema kesho nitamsukuma, na kila kesho ilikuja mteja.

Novemba ikaingia. Wiki ya kwanza mji mzima unanuka kabichi. Malori yanashusha marundo uwanjani, watu wanapanga foleni, wanachagua, wanagombana, wanabeba nyumbani kuzitia kwenye mapipa ya maji ya chumvi ziwe chakula cha majira ya baridi. Nyumba isiyo na pipa la kabichi haina mpango wa kuiona Februari. Mzee Parvan alipita katikati ya marundo yale mikono nyuma, akawasalimia watu, hakununua hata moja.

"Mzee, chukua hizi mbili, nzuri!" walimwita.

"Zitaliwa na nani?" akajibu, akacheka, akaenda zake.

Kuni zake aliwagawia majirani. Mbwa alimpeleka kwa mpwa wake kijijini. Na tarehe kumi, hospitali ilipompigia kuthibitisha kitanda, aliwaambia wampe mtu mwingine. Alinisimulia mwenyewe kesho yake dirishani, kwa furaha. "Kuna mama mmoja wa kijiji cha pili, ana wajukuu wadogo anawalea, alikuwa anangoja mpaka mwakani. Nimemwachia. Mimi nikapasuliwe tarehe kumi na nane wakati kumi na nne nimeshakwenda? Ingekuwa uchoyo."

Nilifunga dirisha, nikaingia kwa Verginia, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Aliinama. Hakujitetea.

Tarehe kumi na mbili tulikwenda wote wawili. Mzee alikuwa jikoni anapiga viatu rangi. Verginia hakuketi. Alimwekea simu mezani akamwonyesha kila kitu: tangazo la Sevda, tarehe yake, tanzia ya Mzee chini yake, swali alilomwuliza Karani na jibu la Karani. Akatoa na tangazo lenyewe la Sevda la karatasi, la getini, aliloling'oa njiani. Mzee alilileta karibu na macho. Alisoma muda mrefu.

"Kumi na nne ni ya Sevda," alisema.

"Ya Sevda, Mzee."

"Si yangu."

"Si yako."

"Ulijua tangu lini?"

Verginia alivua miwani. "Tangu Oktoba," alisema. "Siku ile nilipokuletea zile safi. Niliogopa watu. Niliogopa duka langu."

"Na mimi nilijua," nikasema, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Nilingoja atutukane. Ningefurahi. Aliweka kiatu chini kikiwa nusu kimepakwa rangi.

"Nilikuwa nimejipanga," alisema. "Nilikuwa nalala vizuri. Sasa mmenirudishia hamu ya kuishi, na kitanda nimekigawa."

Tulipiga simu hospitali hapo hapo. Mama wa kijiji cha pili alikuwa ameshafanyiwa vipimo, hangeweza kuondolewa. Nafasi ya karibu ilikuwa tarehe tisa Desemba. Nilimwambia yule binti wa simu kwamba daktari alisema Novemba isipite. Akasema ameandika. Akasema mzee akijisikia kizunguzungu au akizimia, aletwe wakati wowote bila miadi. Nilimwuliza kama hakuna njia nyingine, akasema pole sana, mama.

Kesho yake Verginia alibandika karatasi mlangoni, kubwa, kwa mkono wake: kila mtu aliyetafsiriwa kitu tangu Februari akilete tena. Walikuja. Wengine walimtukana, Petrana alimtemea mate kizingitini, na Verginia alipangusa akaendelea. Yalipatikana makosa mengine matatu. Mawili hayakuwa na maana. La tatu lilikuwa vidonge vya Mladen: kimoja asubuhi kiliandikwa viwili, hesabu iliyotoka kwenye karatasi ya mtu mwingine. Mladen alikuwa amelazwa tangu Jumatatu, na hakuna aliyejua kwa nini presha yake ilishuka namna ile. Mkewe alikimbia na karatasi sahihi wodini. Anaendelea vizuri, nashukuru, lakini mkewe hanisalimii, wala simlaumu.

Mzee Parvan tarehe kumi na nne alikwenda kwenye arobaini ya Sevda. Alikula ngano ya kuchemsha inayogawiwa kumkumbuka marehemu, akasimama mbali na watu. Tangu siku hiyo hakuweza kukaa peke yake. Kila asubuhi alikuja kwa Verginia, akavuta kiti karibu na mashine ya fotokopi, kwenye joto, akakaa mpaka tunafunga. Hakuvua tena kofia kwa simu. Aliuliza tu leo ni tarehe ngapi, ingawa kalenda ilikuwa mbele yake. Snezhana, tuliyempigia simu, alikuwa amekata tiketi ya ndege ya tarehe saba Desemba. Verginia alimpikia supu chumba cha nyuma, naye aliinywa bila kumtazama.

Alhamisi ya mwisho ya Novemba nilikuwa kwa Verginia nikinywa kahawa. Mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na mashine. Ghafla akasema, "Verginia, mwulize huyo Karani wako. Nitafika tarehe tisa?"

"Mzee, achana naye."

"Mwulize. Alijua mwezi uliopita, mwache ajue na huu."

Nilidhani anadhihaki. Verginia naye labda alidhani hivyo, lakini alikuwa na deni naye lisilolipika, basi akaandika. Akafungua mazungumzo mapya, akaeleza yote: umri, kifaa, betri, tarehe. Kisha akavaa miwani akatusomea. Karani alisema hawezi kujua mtu atafika tarehe gani wala hakuna anayeweza kumwambia hivyo kutoka kwenye simu. Alisema wampigie daktari leo na kumweleza kwamba betri imepitisha muda wake. Alisema wasingoje miadi wakiona mgonjwa ana kizunguzungu, kuishiwa nguvu, kukosa pumzi, au kuhisi giza machoni.

"Umesikia?" Verginia alimwambia. "Safari hii amesema hajui."

Mzee Parvan hakucheka. Alikuwa ameegemea mashine ya fotokopi, mkono mmoja umeshika ukingo wake, na nikaona sasa kwamba vidole vimekuwa vyeupe, na kwamba tangu asubuhi hajaviondoa pale.

"Nisomee tena," alisema. "Hapo pa giza machoni."